Kuweka namba mahali pa x: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta thamani ya fanksheni

Nafundisha twisheni ya hisabati Nyakato, hapa Mwanza. Ikifika saa mbili usiku simu yangu inaanza kupokea picha za madaftari, nyingine zimepigwa kwa mwanga wa tochi, nyingine zina kivuli cha kichwa cha mpigaji. Maswali yenyewe ni yaleyale, wanabadilika waulizaji tu. Nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena nitume ukurasa huu nikalale.

Mifano mingi ni ya huku kwetu ziwani. Bei zilizomo ni za kufanyia hesabu tu, usiende nazo soko la Mwaloni ukagombana na watu.

## Mwanzo kabisa

Fanksheni ni nini hasa?

Ni kanuni inayopokea namba na kurudisha namba moja. Wengine huiita fomyula, na hawakosei sana. Sharti lake kubwa ni hilo neno "moja": ukiipa namba ileile mara mia, inarudisha jibu lilelile mara mia.

Mama mmoja anayeanika dagaa Igombe aliwahi kunionyesha daftari lake la biashara. Halina x hata moja. Lina safu mbili zilizochorwa kwa kalamu ya bluu: kushoto idadi ya sado (ndoo ndogo za kupimia) alizouza, kulia fedha iliyobaki baada ya gharama za siku. Sado moja aliiuza shilingi 2,500, na gharama yake, ukijumlisha mzigo, usafiri na kibarua wa kuanua, ilikuwa 15,000. Palipokuwa na sado 10 aliandika 10,000. Palipokuwa na sado 4 aliandika 5,000 kisha akaizungushia duara, maana hiyo ilikuwa hasara. Nikamwambia, mama, hii ni fanksheni. Akanijibu kwamba hii ni shida.

Kwa lugha ya darasani daftari lake lote linaingia kwenye mstari mmoja:

f(x) = 2,500x − 15,000

Hapo x ni idadi ya sado, na f(x) ni kinachobaki mfukoni. Kutafuta thamani ya fanksheni ni kuchukua idadi halisi ya sado, kuiweka mahali pa x, na kufanya hesabu hadi ibaki namba moja.

f(x) inasomwaje? Si ni f mara x?

Hapana. Inasomwa "f ya x". Mabano yale hayazidishi chochote, yanaonyesha tu kitu kinachoingizwa. Kwa hiyo f(4) ni jibu linalotoka ukiingiza 4, na huwezi "kugawa kwa f" ili kuiondoa.

Lawama yako ni ya haki lakini. Darasani umeambiwa 5(4) ni 5 mara 4, halafu wiki chache baadaye unaambiwa f(4) si f mara 4. Alama ileile, kazi mbili. Kinachokuongoza ni kujua herufi ya mbele ni jina la nini. Ikiwa mwanzoni mwa swali pameandikwa f(x) = kitu fulani, basi f ni jina la kanuni. Halina thamani, kama jina lako lisivyo na bei.

Kwa nini x? Na kwa nini f?

Mazoea tu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichotupa neno aljebra, aliandika hesabu zake zote kwa maneno, hakuwa na x. Mfaransa René Descartes ndiye aliyezoesha watu kutumia x, y na z kwa namba zisizojulikana, katika kitabu alichochapisha mwaka 1637. Ile alama ya f yenye mabano ilitumiwa na Mswisi Leonhard Euler mwaka 1734. Ukitaka kutumia n kwa nauli na k kwa kilomita, tumia. Hesabu haibadiliki.

Mtihani wa sekondari unaandika "evaluate" au "find f(3)". Nifanye nini?

Kitu kilekile ulichofanya darasa la saba ulipoambiwa "tafuta thamani ya 3a + 2 ikiwa a ni 5". Wengi wanaotoka shule za msingi za Kiswahili wanashindwa neno, hesabu wanaiweza. Ukikutana pia na "substitute", maana yake ni weka namba mahali pa herufi. Ukiona "solve", simama kwanza: hiyo ni kazi nyingine, nayo imeelezwa kwenye swali la kurudi nyuma hapo chini.

## Kuweka namba bila kuharibu

Naomba hatua zenyewe.

Tuchukue f(x) = 3x² − 5x + 2, tutafute f(4).

Kwanza andika upya kanuni yote, lakini kila palipo na x acha mabano matupu:

f( ) = 3( )² − 5( ) + 2

Sasa jaza 4 kwenye kila mabano, bila kuruka hata moja:

f(4) = 3(4)² − 5(4) + 2

Kisha vipeo: 4 mara 4 ni 16. Kisha kuzidisha: 48 na 20. Mwisho kujumlisha na kutoa: 48 − 20 + 2 = 30.

Mstari ule wa mabano matupu wanafunzi wanauona kupoteza wino. Mimi nausisitiza hadi wananichoka, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofia kabla hayajazaliwa. Ukishazoea utauandika kichwani.

Nimeweka x = 5 kwenye 2x nikapata 25. Mwalimu kaweka kosa.

Umeibandika 5 mahali pa x kama stika. 2x ni 2 mara x, alama ya kuzidisha imefichwa tu. Ukiweka mabano unapata 2(5), yaani 10. Vivyo hivyo xy ikiwa x ni 3 na y ni 4 inakuwa 12, haiwi 34.

Kwani mabano ni ya lazima?

Namba chanya nzima zinaweza kukusamehe. Namba hasi hazisamehi mtu.

Wiki iliyopita nilipokea picha ya daftari ambalo ukurasa wake umefutwa hadi karatasi imetoboka, unaona mistari ya ukurasa wa nyuma. Swali lilikuwa kanuni ile ya juu, f(x) = 3x² − 5x + 2, atafute f(−3). Mara zote alizofuta alikuwa akirudia mstari huu:

3 × −3² − 5 − 3 + 2

Akapata −33. Tazama kilichotokea. Pale kwenye −5x, alipoweka −3 bila mabano, kuzidisha kukageuka kutoa: "5 mara −3" ikawa "5 toa 3". Na pale kwenye x², kipeo kikaishika 3 peke yake na kuiacha alama ya hasi nje. Makosa mawili kwa mstari mmoja, na yote mawili yametoka kwenye mabano yaliyokosekana. Sasa kwa mabano:

f(−3) = 3(−3)² − 5(−3) + 2
= 3(9) + 15 + 2
= 44

Kutoka −33 hadi 44. Nilimwandikia mstari wa kwanza tu, iliyobaki akamaliza mwenyewe ndani ya dakika moja. Hakuwa hajui kuzidisha namba hasi.

MAGAZIJUTO si inatosha?

Inatosha ukijua mapungufu yake. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa: wimbo mzuri wa kukumbuka hesabu ipi ianze, umetuvusha wengi. Ila una matundu mawili.

La kwanza, vipeo havimo. Vinakaa baada ya mabano na kabla ya kugawanya na kuzidisha. Kwa hiyo 3(4)² ni 3 mara 16. Anayezidisha kwanza anapata 12 kwa kipeo cha pili, 144, na kosa hilo nalikuta kila muhula.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linaonekana kama utii. Wimbo unasema jumlisha halafu toa, basi mtoto akiona 10 − 3 + 2 anajumlisha 3 na 2 kwanza, anapata 10 − 5 = 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unavifanya kwa mpangilio vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vilevile.

−x² na (−x)² ni kitu kimoja?

Hapana. Ikiwa x = 3, ya kwanza ni −9 na ya pili ni 9. Ikiwa x = −3, ya kwanza bado ni −9 na ya pili bado ni 9. Kwenye −x² kipeo kinaishika x tu, alama ya hasi inasubiri nje mlangoni. Kwa kipeo cha tatu mambo ni tofauti: −x³ na (−x)³ hutoa jibu moja, kwa kuwa hasi ukiizidisha mara tatu inabaki hasi. Usifanye hilo kuwa kanuni ya kichwani, weka mabano tu.

Nikipewa sehemu, kwa mfano x = 2/3?

Mabano tena, na kipeo kinagusa juu na chini. Kwa f(x) = x² + 1:

f(2/3) = (2/3)² + 1 = 4/9 + 1 = 13/9

Anayeandika 2/3² anaishia na 2/9, kwa sababu ameipa kipeo asili (namba ya chini) peke yake na kusahau kiasi (namba ya juu). Desimali nazo zina mtego wao: 0.5 kwa kipeo cha pili ni 0.25, na wengi huona haiwezekani namba ipungue baada ya kujizidisha. Nusu ya nusu ni robo, basi.

Kanuni haina x upande wa kulia, mfano f(x) = 7. Naweka wapi namba?

Hakuna pa kuweka, na hujakosea. f(1) ni 7, f(−200) ni 7. Ni kama kiingilio cha uwanjani cha bei moja: umekaa dakika tano au mechi nzima, umelipa kilekile.

Kuna herufi mbili.

Angalia mpangilio ndani ya mabano. Kwa f(x, y) = 2x − 3y + xy, ukiambiwa f(5, 1), ya kwanza inakwenda kwa x na ya pili kwa y: 10 − 3 + 5 = 12. Ukigeuza, f(1, 5) ni 2 − 15 + 5 = −8.

## Kutumia jibu

Nimepewa f(x) = 20,000 nitafute x. Naiweka 20,000 mahali pa x?

Hili ndilo linalowachanganya wengi kuliko yote. Namba iliyo ndani ya mabano ya f ni ya kuingiza. Namba iliyo baada ya alama ya sawasawa ni iliyotoka. Ukipewa iliyotoka, unarudi nyuma, yaani unafumbua mlinganyo.

Mama wa Igombe anataka abaki na 20,000. Auze sado ngapi?

2,500x − 15,000 = 20,000
2,500x = 35,000
x = 14

Halafu hakiki kwa kwenda mbele: f(14) = 35,000 − 15,000 = 20,000. Uhakiki huo ni kuweka namba mahali pa herufi tu, na ni wa bure. Sijui kwa nini watu hawaufanyi.

Jibu limetoka hasi au sifuri. Nimekosea?

Si lazima. f(4) kwenye dagaa ni −5,000, na f(6) ni 0, siku ya kurudisha gharama na kwenda nyumbani mikono mitupu. Soma jibu kwa macho ya kitu chenyewe. Fedha inaweza kuwa hasi, hasara ipo. Lakini ikiwa fanksheni inatafuta uzito wa samaki ukapata −300, rudi kwenye daftari.

Nipe mfano ambao si wa biashara.

Maji hapa Mwanza hayachemki kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa inapungua na maji yanachemka mapema. Kadirio rahisi ni kwamba kila mita 300 zinapunguza karibu nyuzi moja ya Selsiasi:

f(h) = 100 − h/300

h ni kimo kwa mita. Dar es Salaam, ufukweni, h ni 0, kwa hiyo f(0) = 100. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari:

f(1,134) = 100 − 3.78 = 96.22

Kwa hiyo sufuria ya maharage iliyo wazi, Kirumba, inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na maharage yanachelewa kidogo kuliko ya shangazi yako wa Dar. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, f inatoa 80.35, karibu kabisa na hali halisi.

Jaribu sasa h = 30,000. Unapata 0: maji yanachemka kwenye nyuzi sifuri. Hesabu yako ni sahihi, ila kanuni imepelekwa mahali isipohusika. Kadirio hili ni la vimo ambavyo watu wanatembea. Aljebra inakubali namba yoyote utakayoiingiza, haikuulizi kama ina maana.

## Kona zenye utelezi

Naambiwa nitafute f(x + 2). Hiyo si namba!

Mabano matupu hayachagui mgeni. Kwa f(x) = x² − 3x:

f( ) = ( )² − 3( )
f(x + 2) = (x + 2)² − 3(x + 2)
= x² + 4x + 4 − 3x − 6
= x² + x − 2

Sehemu mbili za kuteleza: (x + 2)² si x² + 4, ile 4x ya katikati ipo, na −3 inazidisha vyote viwili, x na 2. Kuhakiki, chagua x = 1. Upande mmoja f(3) = 9 − 9 = 0. Upande mwingine 1 + 1 − 2 = 0. Vimekubaliana.

Na f(x) + 2 je? Hiyo ni kuongeza 2 kwenye jibu, yaani x² − 3x + 2. Ukiweka x = 1 inatoa 0 pia, kwa bahati mbaya, kwa hiyo hapa jaribu x = 2: f(4) = 4, wakati f(2) + 2 = 0. Ndiyo maana nahakiki kwa namba mbili nikiwa na shaka.

f(2x) na 2f(x), kuna tofauti gani?

Muulize mnunuzi wa sangara. Uzito wa samaki hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, maana akirefuka ananenepa na kupanuka pia. Kwa sangara kadirio la kienyeji linaweza kuwa:

W(L) = L³/100

L ni sentimita, W ni gramu. Wa sentimita 40: W(40) = 64,000/100 = 640. Wa sentimita 80, urefu mara mbili: W(80) = 512,000/100 = 5,120. Si mara mbili, ni mara nane. 2W(40) ni sangara wawili wadogo kwenye beseni, gramu 1,280. W(80) ni sangara mmoja wa kilo tano. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na fanksheni hii inakuonyesha sababu mojawapo kwa upande wa mfuko: ukimwacha akue anakulipa kwa kipeo cha tatu.

Kuna fanksheni ambazo f(2x) na 2f(x) ni sawa, kama f(x) = 5x. Dagaa ya Igombe haimo, ile −15,000 inaharibu. Jaribu mwenyewe kwa x = 4.

f(g(x)) naanzia wapi?

Ndani. Tuendelee na sangara. Tuseme kila gramu ni shilingi 9, basi p(w) = 9w. Sangara wa sentimita 50 ni shilingi ngapi?

p(W(50)): kwanza W(50) = 125,000/100 = 1,250. Kisha p(1,250) = 11,250.

Ukigeuza, W(p(50)), unaingiza shilingi mahali pa sentimita. Namba itatoka, lakini haitakuwa na samaki yeyote.

Kwa nini naambiwa "haipo" nikiweka sifuri?

Kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Dakika za kulivuka kwa mwendo wa v kilomita kwa saa ni:

t(v) = 180/v

t(60) = 3, t(45) = 4. Na t(0)? Gari limesimama katikati ya daraja. Hakuna idadi ya dakika utakayoitaja ikamfikisha dereva Sengerema, ng'ambo ya pili. Usiandike 0, usiandike 180. Andika kwamba haina thamani hapo. Kabla ya kuweka namba kwenye kanuni yenye mgawanyo, angalia ni thamani gani inafanya chini kuwe sifuri: kwa 12/(x − 4) ni 4, si 0.

Na ikitokea 0/0, kwa mfano (x² − 9)/(x − 3) kwa x = 3?

Wajanja wanarahisisha kwanza: x² − 9 ni (x − 3)(x + 3), wanakata, inabaki x + 3, wanajibu 6. Lakini kukata x − 3 kunaruhusiwa pale tu ambapo x − 3 si sifuri, na wewe umeambiwa x ni 3. Kwa hiyo f(3) haipo. f(3.1) ipo, ni 6.1, na f(2.9) ni 5.9. Kidato cha tano utajifunza kusema kwa adabu kwamba "inakaribia 6". Kwa sasa andika haipo.

Kipeuo cha pili?

√(x − 5) kwa x = 9 ni 2. Kwa x = 1 unapata kipeuo cha −4, na hakuna namba ya kawaida inayojizidisha ikatoa −4. Haipo. Na √4 ni 2 tu, si 2 na −2. Kumbuka lile sharti la jibu moja kwenye swali la kwanza kabisa.

Fanksheni yangu ina mistari miwili yenye masharti. Natumia upi?

Soma masharti kwanza, kanuni baadaye. Fikiria makato ya wakala wa kutoa fedha, tuseme:

m(x) = 600, ikiwa x < 20,000
m(x) = 0.02x + 400, ikiwa x ≥ 20,000

Ukitoa 19,999 unakatwa 600. Ukitoa 50,000, mstari wa pili: 1,000 + 400 = 1,400. Mtego upo kwenye 20,000 yenyewe: alama ≥ imeipeleka mstari wa pili, kwa hiyo 400 + 400 = 800. Usijumlishe mistari yote miwili. Namba moja inaingia mlango mmoja.

Kikokotoo kinanipa −9, kompyuta inanipa 9. Nani mwongo?

Hakuna, wana mazoea tofauti. Ukibonyeza −3² kwenye vikokotoo vingi vya kisayansi, kinafuata utaratibu wa hisabati: kipeo kwanza, hasi baadaye, −9. Excel ukiiandikia =-3^2 inaitendea hasi kwanza na kurudisha 9. Ukiwa na namba kwenye kisanduku A1 na unataka −x², andika =-(A1^2). Ukitaka (−x)², andika =(-A1)^2. Kwa mtihani wa karatasi shika ya hisabati, −9, na kama hukumbuki kwa nini, rudi kwenye swali la −x² na (−x)² hapo juu.